Benchi la picha na lijengwe la kukalia

Studio nyingi za picha mijini mwetu zina taa nzuri, kamera nzuri na pazia la nyuma lililofuliwa na kupigwa pasi. Ukiuliza mteja atakaa wapi, unaletewa stuli ya plastiki, kiti cha ofisi kilichofunikwa kitambaa, au kochi la dhahabu la kukodi harusini ambalo ukiliegemea linayumba. Fedha yote imekwenda kwenye kinachotazama, na kinachombeba anayetazamwa kimeokotwa popote. Naandika leo kuwaomba wenye studio, pamoja na wapiga picha wanaofanya kazi bustanini na ufukweni, wageuze mpangilio huo. Kabla ya kununua lenzi nyingine, nendeni kwa seremala mkaagize benchi la mbao. Na mkiagiza, lijengwe kama benchi litakalokaliwa na watu kila siku kwa miaka mingi, si kama pambo la kupigia picha.

Sababu yangu ya kwanza iko mwilini mwa mtu. Mtazame mama wa makamo aliyewekwa juu ya stuli ndefu. Miguu haifiki chini, kwa hiyo magoti yanabana. Mikono inashika ukingo wa kiti ili asiteleze. Mabega yanapanda hadi karibu na masikio, na shingo inafupika. Mpiga picha anamwambia acheke, naye anacheka kwa mdomo peke yake, kwa sababu mwili mzima uko kazini kuzuia usianguke. Mhamishie mama huyohuyo kwenye benchi thabiti lenye kimo cha goti lake. Nyayo zinalala sakafuni, uzito unashuka, mabega yanafuata, na mikono inatafuta mapaja yenyewe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Sura yake halisi, ile ambayo wanawe wanaijua wanapomkuta uani akichambua mchele, inarudi bila kuitwa.

Wapiga picha wa mwanzo walilijua jambo hili vizuri kutuzidi, kwa kuwa vyombo vyao havikuwapa njia nyingine. Louis Daguerre alipotangaza ufundi wake mjini Paris mwaka 1839, picha ilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Hata baada ya muda huo kupungua, mtu alilazimika kutulia kwa sekunde nyingi, na akitikisika kidogo uso ulitoka kama moshi. Ndiyo maana studio za karne ya 19 zilikuwa na vyuma vya kushikilia kichwa kwa nyuma, na ndiyo maana kwenye picha za wakati ule watu wengi wameketi, au wameweka mkono juu ya mgongo wa kiti. Kiti kilikuwa sehemu ya mtambo. Bila kiti kizuri hapakuwa na picha.

Ufundi huo ulifika Zanzibar mapema. A. C. Gomes, mwenye asili ya Goa, alikuwa na studio yake mjini humo karne hiyohiyo ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo picha zake za watu, sherehe na mitaa ya Unguja bado zinatafutwa na wageni na wenyeji. Ukizipitia picha za studio za zama hizo hapa Pwani, utaona mtu aliyevaa kanzu na joho, au bibi aliyepambwa, ameketi kwenye kiti kizito cha mbao ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya kamera. Kilitoka kwenye maisha ya nyumbani kikaingia studio, na uzito wake unaonekana. Aliyeketi hana wasiwasi kwamba kitamwangusha.

Kuna mpiga picha mmoja wa Afrika ambaye naamini kila mwenye studio angesoma habari zake angenielewa. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefariki mwaka 2001, alianza maisha kama seremala. Alijifunza kuranda na kuunga mbao akiwa mtoto, katika karakana ya familia yake. Mwaka 1935 jamaa yake aliyerudi kutoka Senegal alimletea kamera ndogo ya Kodak, na mwaka 1948 akafungua studio nyumbani. Picha nyingi alizipiga uani, kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani lenye matamvua. Aliweka pale saa, redio, suti na pikipiki kwa ajili ya wateja wanaotaka kuonekana wa kisasa. Lakini ukiziangalia picha zake, kinachokushika ni namna watu walivyokaa: mtu ameegemea, kiwiko kimepata mahali, kiuno kimetulia. Siwezi kudhani kwamba mkono uliozoea kupima kimo cha kiti haukuwa na sehemu katika hilo.

Kwa nini basi benchi, na si kiti? Kwa sababu kiti kinapanga vyeo. Kwenye picha za familia za zamani, mmoja ameketi na wengine wamesimama, na macho yako yanaambiwa mara moja nani mkubwa. Viti vya enzi vya Waswahili, vile vya mpingo vyenye nakshi za pembe na kamba za kusukwa, vilikuwepo kwa kazi hiyohiyo ya kumtenga mwenye heshima. Hilo lina mahali pake. Lakini familia nyingi zinazoingia studio leo zinataka kitu kingine. Babu anataka kukaa na mjukuu wake. Mume na mke wanataka kuonekana bega kwa bega baada ya miaka thelathini ya ndoa. Dada wanne waliotawanyika Mwanza, Nairobi, Muscat na Toronto wamekutana kwa msiba au kwa arusi, na wanataka picha moja ya pamoja. Benchi linawaweka kwenye kimo kimoja na kuwasogeza hadi wagusane. Miji yetu ya Pwani ilikuwa na hekima hiyo tangu zamani ilipojenga baraza za mawe mbele ya nyumba, ambako jirani, mgeni na mwenye nyumba walikaa kwenye ukingo mmoja.

Sasa nije kwenye ujenzi wenyewe, maana hapa ndipo kazi inapoharibika. Mtu anafika kwa fundi, anamwambia, "Nitengenezee benchi la kupigia picha tu." Hilo neno la mwisho ndilo linaloua kazi. Fundi akisikia hivyo anachukua mbao za mabaki, anapiga misumari, anapaka vanishi ya kung'aa, na kwa macho kazi imependeza. Miezi michache baadaye miguu inacheza. Benchi linaanza kulia kila mtu anapokaa, na mzee akisikia mlio huo anajikaza mwili mzima, halafu tunarudi kulekule kwenye tabasamu la mdomo peke yake.

Mpe fundi vipimo, tena vya mwili wa binadamu. Kwa watu wazima, sentimita 45 kutoka chini hadi juu ya kikalio zinawafaa wengi. Likishuka sana, mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuinuka bila kuvutwa mkono. Urefu wa sentimita 140 hivi unachukua watu watatu wanaopendana, au wawili na mtoto katikati. Kwa kikalio, mbao mbili za mbili kwa sita zikilazwa sambamba na kuachiwa upenyo mdogo zinatoa upana wa zaidi kidogo ya sentimita 30. Upenyo huo usiudharau. Mbao hutanuka kwa upana wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, na isipopewa nafasi ya kupumua itajitafutia yenyewe kwa kupasuka. Kwa watoto agiza benchi la pili, fupi, lenye kimo cha sentimita 28 au 30. Kingo zote za benchi hilo zilainishwe kwa randa na msasa, kwa sababu mtoto anayejifunza kusimama ataliuma kwa meno na kuligonga kwa paji la uso.

Miguu ndiyo siri ya usalama. Miguu ikirudishwa ndani sana ili benchi lionekane jepesi, basi wa upande mmoja akisimama kuaga, aliyebaki upande wa pili anapinduka nalo. Nimeshuhudia bibi akiangushwa namna hiyo mbele ya wajukuu zake, katika studio ambayo sitaitaja, na furaha ya siku ile ikaishia palepale. Kwa benchi la urefu niliousema, mguu usizidi sentimita 15 kutoka mwisho wa kikalio, na sehemu ya chini ya miguu ipanuke kidogo kwenda mbele na nyuma. Halafu kila mguu uungwe kwa ulimi na tundu: fundi anachonga ncha ya mguu iwe ulimi, anatoboa tundu kwenye ubao kwa patasi, anapenyeza hadi ulimi utokeze juu, kisha anaupasua katikati na kupigilia kabari ya mbao ngumu. Kadiri watu wanavyokaa, kiungo cha namna hiyo kinakazwa na uzito wao. Msumari unafanya kinyume chake, unalegea kidogo kila siku. Tena kichwa cha msumari kinamulikwa na flashi na kuonekana pichani kama doa jeupe ambalo mtu atakaa usiku kulifuta kwenye kompyuta.

Mti gani? Msonobari wa mashamba ya Sao Hill, kule Mufindi, unapatikana karibu kila soko la mbao Tanzania, ni mwepesi na rafiki kwa mpiga picha anayehamisha vyombo vyake kwa bajaji. Sharti uwe umekauka. Mbao mbichi ikijengwa leo itapinda kabla fundi hajalipwa salio. Msaji, ambao wengi tunauita mtiki, kama ule unaopandwa Longuza huko Muheza, una mafuta yake ya asili, unavumilia unyevu wa Pwani, na rangi yake ya asali inapendeza pichani. Mninga na mkongo ni miti mizuri kupita maelezo, ila inatoka kwenye misitu ya asili inayoota polepole. Anayeitaka aulize nyaraka za mzigo na alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, na asiridhike na maneno matupu. Bora zaidi ni mbao kuukuu: boriti za nyumba iliyobomolewa, au mbao za jahazi lililostaafu, ambazo mafundi wa Lamu na Unguja wanazigeuza kuwa samani. Hizo zimekwisha kupinda kadiri zitakavyopinda, na makovu yake yana hadithi ambayo kiwanda hakiwezi kuigiza.

Wapo wanaochukua paleti zilizotupwa bandarini na viwandani. Sizikatai, mradi zisomwe alama kwanza. Paleti za biashara ya kimataifa hupigwa muhuri: HT maana yake imetibiwa kwa joto, na MB maana yake imefukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu ya kuua wadudu. Yenye MB, au isiyo na muhuri wala historia inayojulikana, isiingie kwenye benchi ambalo mtoto atalilalia shavu.

Baada ya mbao kuna rangi, na hapa mpiga picha na seremala wanatakiwa kuzungumza kabla brashi haijaloweshwa. Vanishi inayong'aa inapendwa dukani lakini kwenye studio inageuka kioo: taa zote zinajirudia juu yake, na jicho la mtazamaji linakimbilia kwenye mng'aro badala ya uso. Rangi nyeupe nayo ina hatari yake. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe, huchukulia kwamba kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani. Ikikuta benchi jeupe limejaa fremu inapunguza mwanga, na anayelipa gharama ni mtu mweusi aliyeketi juu yake, ambaye uso wake unazama. Benchi la familia zetu liachwe na rangi yake ya mbao, lipakwe mafuta ya mbegu za kitani au nta ya nyuki, ambayo Tabora inayo kwa wingi, kisha lisuguliwe kwa kitambaa hadi likose utelezi. Liachwe likauke kabisa kabla kanzu nyeupe au gauni la harusi halijaligusa. Na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yaanikwe wazi, yasirundikwe kwenye kona, maana rundo lake linaweza kuwaka moto lenyewe.

Habari ya mbao na ngozi nyeusi mbele ya kamera ina historia inayouma, na kila mpiga picha wa Kiafrika anapaswa kuijua. Kwa miongo mingi filamu za rangi na maabara za kuzisafisha zilirekebishwa kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa Shirley. Rangi zake zikitoka sawa, kazi ilihesabiwa imekwisha, na watu weusi wakabaki gizani, wakionekana macho na meno tu. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, katika makala aliyoichapisha mwaka 2009, alionyesha kwamba Kodak ilisukumwa kuboresha rangi za kahawia kwa sehemu kubwa na malalamiko ya wateja wake wa biashara, wakiwemo watengenezaji wa chokoleti na watengenezaji wa samani za mbao. Hao wa samani walikuwa hawaoni tofauti ya mbao moja na nyingine kwenye matangazo yao. Mbao zilidai haki zikasikilizwa, na ngozi yetu ikanufaika kwa kufuata nyuma yao. Nikikumbuka hilo, naona wajibu ulio wazi. Ukiwa na benchi la mbao la rangi ya kahawia mbele yako, panga taa hadi nyuzi za mbao zionekane hata kwenye kivuli. Mwanga unaoheshimu mninga unaweza kuuheshimu pia uso wa mjomba wako, na wewe huna wa kumsingizia tena.

Najua nitajibiwa kwamba haya yamepitwa na wakati. Simu inapiga picha, programu inafuta kilicho nyuma, na kompyuta sasa inachora benchi lolote unalolitaka, la bustani ya Ufaransa au la jumba la sultani. Ni kweli inachora. Lakini haiwezi kumkalisha mtu. Nguo inavyojikunja chini ya paja, kiganja kinavyojitandaza kwenye ubao, mtoto anavyojisogeza kwa mama yake kwa kuwa kikalio kinaruhusu, yote hayo hutokea kwenye kitu kilichopo. Mtu aliyepigwa amesimama kisha akachorewa benchi anabaki na mabega ya aliyesimama. Familia itaiona kasoro hiyo hata kama haitajua kuitaja.

Nitajibiwa pia kwamba benchi la viungo vya ulimi na tundu ni ghali kuliko la misumari. Ni ghali, kwa sababu fundi anatumia muda zaidi na mbao nzuri zaidi. Ila lihesabu gharama yake kwa miaka ya kazi, maana lenzi utaiuza baada ya muda ili ununue mpya, na mwili wa kamera utapitwa na wenzake. Benchi lililoungwa vizuri litawapokea watoto wa wateja wako watakapokuja na watoto wao. Tena fedha yake haivuki bahari. Inabaki Keko jijini Dar es Salaam, inabaki Gikomba na pembezoni mwa Ngong Road jijini Nairobi, kwa mafundi wanaofanya kazi chini ya mabati na ambao siku hizi wanalazimika kugonga samani za haraka kwa kuwa wateja tumewafundisha kwamba haraka ndiyo tunayoilipia. Kijana aliyehitimu useremala katika chuo cha ufundi cha VETA anajua kuchonga ulimi na tundu, alipimwa kwa kazi hiyo. Akitoka chuoni anakosa wa kumwagiza.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande zote mbili. Mpiga picha, usimtumie fundi picha ya benchi uliyoiona kwenye simu ukamwambia aige. Mwalike studio, mwonyeshe taa zinapokaa, mkalishe kwenye stuli yako ya plastiki umpige picha, ajionee mwenyewe mabega yake yalivyopanda. Mlipe malipo ya awali yanayotosha kununua mbao kavu, kisha mpe muda. Nawe fundi, usikubali kazi ya "picha tu". Kabla hujakabidhi benchi, wakalishe watu wazima watatu juu yake, mwambie mmoja ainuke ghafla, na usikilize kama linalia.

Halafu fundi aandike jina lake. Studio nyingi za zamani zilikuwa zikigonga muhuri nyuma ya picha, ndiyo maana leo tunaweza kujua nani aliwapiga babu zetu na katika mji gani. Aliyewakalisha hatumjui. Seremala achome jina lake na mwaka upande wa chini wa kikalio, na mwenye studio alitaje kwa kila mteja atakayeuliza benchi hili limetoka wapi, ili mteja huyo naye akiwa na harusi, zahanati, darasa au ukumbi wa kanisa wa kuwekea samani, ajue mlango wa kubisha.